Muguu wa Siku ya Ville Morte

Kasha, Bukavu. Siku ya posho, 5 Februari 2000

Nimenunua cahier hii ya kuandikia kwa sababu nyumba imekuwa kimya kupita kiasi, na mimi ni mutu wa kusema. Jeanine, mutoto wangu mumoja, iko Kinshasa, na tangu vita hii ya pili ianze Kinshasa iko ngambo ingine: hakuna barua, hakuna simu. Baba yake alikufa na malaria kabla ya hayo yote, kwenye kitanda chake. Watu wananiambia nishukuru kwamba haikuwa risasi. Nashukuru, lakini usiku ukumbi wangu uko na viti sita na matako moja.

Leo Zagabe amepita. Anasukuma unga wa muhogo na kinga, baiskeli yake, kutoka Nyangezi mupaka soko ya Bagira, na kwa kuwa nyumba yake iko njia ya pili nyuma ya yangu, anasimamaka kunipa habari ya mama yangu aliye kule Nyangezi. Mama sasa anaona mwangaza tu, sura za watu hapana. Ameagiza hivi: "Asiniletee sukari. Aje mwenyewe nimushike." Nikamuambia Zagabe aende zake na unga wake, maana machozi yalikuwa karibu na watu walikuwa wanapita.

Yenga, 6 Februari

Nimefanya hesabu yangu yote wakati wa misa, Mungu anisamehe. Gari za Nyangezi hazipandi tena tangu ile moja ipigwe risasi. Kwa miguu kutoka huku Kasha ni siku nzima ya kwenda na ingine ya kurudi, na mimi ni dactylo, wa kupiga mashine ya kuandika, kwenye ofisi ya serikali: siku sita kwa juma, na ile ya sita, posho, mupaka saa sita. Wale waliotwaa muji wametuwekea chef mupya, na chef mupya amesema asiyekuja siku moja atakuta mwingine amekaa mbele ya mashine yake. Zagabe anarudi Nyangezi siku ya tatu, katikati ya juma, kwa hiyo hata kukaa nyuma yake haiwezekani.

Lakini kwa kinga ningetoka posho saa sita, nifike magaribi, nilale na mama, nirudi yenga. Nilimuuliza Zagabe kama mwanamuke wa myaka makumi tano na moja anaweza kujifunza kinga. Alicheka mupaka akashika ukuta.

Siku ya tano, 11 Februari

Mvula. Ofisini, mashine yangu imepoteza herufi «e». Ujaribu kuandika Kifaransa bila hiyo.

Siku ya kwanza, 14 Februari

Nimekwenda kwa Papa Polycarpe. Huyu ni fundi wa cherehani, rafiki ya marehemu wangu, mutu mupole mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Ni yeye mukubwa wa shirika yetu, ile nyumba makumi mbili za Wakatoliki tunaosali pamoja kila siku ya ine, na kisha sala tunaenda wote kukaa na wagonjwa wa mutaa. Tena ni yeye anayepita mulango kwa mulango kila wakati tunapotangaza ville morte, kukumbusha watu: siku ile muji unafungwa, hakuna soko, hakuna gari, hakuna kazi, hakuna mutu kwenye barabara, ili hawa waliotukalia waone kwamba wametawala mawe. Kwa silaha hatuwawezi. Hiyo njo tunayo.

Na iko na kinga. Nyeusi, ya China, yenye kengele.

Nilimuomba anifundishe. Akauliza tutajifunzia wapi, barabara imejaa watoto na waaskari toka asubui mupaka jioni, na mimi mwenyewe ningeweza kuvumilia kuchekwa? Nikasema hapana, siwezi. Kisha nikasema siku ya kwanza ijayo ni ville morte, barabara itakuwa tupu.

Aliniangalia kama mutu anayeombwa kuiba kalisi ya kanisa. Nikamuambia habari ya macho ya mama. Cherehani yake ilikuwa imesimama na sindano ndani ya nguo. Mwishowe alisema: mapema sana, mbele watu hawajafungua madirisha, nusu saa tu.

Siku ya kwanza, 21 Februari

Naandika nimelala, muguu wa kuume juu ya bidon ya maji. Nitaandika yote, maana sitaweza kuyasema popote.

Nilitoka kungali ukungu. Nilivaa suruali ya marehemu, nimeikaza na kamba, na juu yake chandail yangu ya kazi kwa sababu ya baridi. Pagne niliiweka ndani ya saki yangu ya ofisi, nipate kujifunga wakati wa kurudi. Papa Polycarpe alikuwa ananingojea kule barabara inapoanza kushuka. Hatukusalimiana kwa sauti. Hakuna kuku aliyelia, hakuna pikipiki, hata Mungu alikuwa amefunga.

Alishika kiti nyuma, mimi juu, na akaanza kukimbia. Aliniambia niangalie mbele, nisiangalie gurudumu. Nilianguka upande mara mbili, kidogo tu, kwenye majani. Mara ya tatu nilikwenda. Naandika kweli: nilikwenda. Nilisikia upepo ndani ya masikio na nikasahau vita, chef, herufi «e», yote. Nilikuwa nawaza tu, mama, nakuja. Niligeuka kumuonyesha Papa Polycarpe uso wangu, na nikaona iko mbali, mikono tupu, anakimbia. Alikuwa ameniachilia kitambo.

Hapo barabara ikashuka. Breki nilijua, alinionyesha, lakini mikono ilikaza usukani badala ya breki. Niliona mufereji unakuja. Kinga ilipita upande wake na mimi upande wangu, na muguu wangu ukabaki katikati ya vitu viwili. Nilisikia sauti kama ya muwa mutu anapouvunja kwa goti. Maumivu yalichelewa kidogo kufika, kisha yakafika yote pamoja.

Papa Polycarpe alinibeba mugongoni. Mutu wa myaka makumi sita, kupanda mulima. Alikuwa analia kuliko mimi. Njiani nilijifunga pagne juu ya suruali, hivyo hivyo mugongoni kwake, sijui namna gani. Aliniweka kwenye mulango wangu, saki begani, na akapiga magoti mbele yangu ndani ya matope.

"Mama Jeanine, tafazali. Wakijua kwamba mimi nilitoka leo, mimi niliyewaambia wote wakae, hakuna atakayenisikia tena. Vijana watavunja cherehani. Sema uliteleza nyuma ya nyumba."

Niliahidi. Ni mimi niliyemuomba, ningefanya nini? Akakimbia kuokota kinga na kuirudisha kwake kwa njia ya migomba.

Haikupita dakika mbili, dirisha ya ngambo ikafunguka. Colette, jirani yangu, mwenye macho ya kuhesabia mayai ya jirani. Alinikuta nimekaa chini, na chandail ya kazi, na saki ya kazi, matope mupaka kiunoni. Aliuliza natoka wapi. Nikasema niliteleza nyuma ya nyumba. Aliangalia saki. Aliiangalia sana. Kisha akafunga dirisha polepole, na mimi nikaelewa yale aliyoelewa.

Hakuna taksi leo, hakuna dispansere. Nilitambaa ndani. Nilipasua carton ya sabuni, nikaipanga pande mbili za muguu, nikaifunga na vitambaa vya pagne ya zamani. Nimeuma taulo mupaka meno yanauma. Suruali nimeikata na makasi ili itoke, na hiyo imeniliza kuliko mufupa, maana ilikuwa ya mwisho niliyoweka ya kwake.

Siku ya pili, 22 Februari

Hopitali. Mufupa mudogo umevunjika, mukubwa umepasuka. Plasta toka vidole mupaka chini ya goti, majuma sita. Dereva wa taksi aliniuliza jana nilikuwa natembea wapi. Sikujibu, na yeye hakunisaidia kushuka.

Siku ya ine, 24 Februari

Leo ni siku ya kutembelea wagonjwa. Nimepangusa viti vyote sita nikiwa nimekaa, navivuta kimoja kimoja. Niliomba kwa dirisha mutoto wa njia yetu anipelekee thermos kwa maji ya moto. Mama yake akamuita arudi. Nikachemsha chai mwenyewe, nimesimama na muguu moja.

Niliwasikia wanaimba kwa Muzee Murhula mwenye kifua, nyumba tatu kutoka hapa. Kisha waliimba kwa mwanamuke aliyezaa. Kisha nilisikia viatu vyao vinapita mbele ya mulango wangu, vingi, na vinaendelea.

Chai nimekunywa vikombe vitatu. Vingine nimemwaga.

Siku ya kwanza, 28 Februari

Nimejua maneno yanavyosemwa. Eti Mama Jeanine alitoka ville morte kwenda kutia sahihi ofisini kwa wale watu, na Mungu akamuvunja muguu njiani. Ni vizuri kabisa, iko hata na mafundisho ndani.

Siku ya tatu, 1 Machi

Ofisi imenipa karatasi. Mwingine amekaa mbele ya mashine yangu, kwa sababu ya "absence prolongée", kukosa muda murefu. Wameandika bila «e», kwa hiyo ni mashine yangu kweli. Nilicheka peke yangu. Muji unasema niliuza watu kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe imenitupa kwa sababu sikwenda. Nilitafuta mutu wa kumuambia kichekesho hiki nikakuta cahier.

Siku ya ine, 2 Machi

Wamepita tena. Safari hii nilisikia sauti ya Papa Polycarpe anaongoza rozari, mbele ya mulango wangu kabisa. Alikohoa. Hakusimama.

Zagabe pia hapiti tena. Nimemuona kwa dirisha posho, na magunia yake, ameshika upande mwingine wa njia. Nikamuita. Alijifanya anaangalia mununyororo. Hiyo njo inaniua. Wengine wakae na nyimbo zao, lakini Zagabe ni macho yangu ya Nyangezi. Sijui kama mama anakula. Sijui kama wamemuambia kwa nini sikuja.

Siku ya kwanza, 6 Machi

Kuna mutu ananiletea maji. Bidon ya litre makumi mbili, imejaa, nyuma ya nyumba, kila asubui ya pili. Bila hiyo ningekuwa nakunywa mvula. Ni Papa Polycarpe, hakika. Anaogopa mulango wa mbele, basi anakuja na wa nyuma. Nilikuwa nimeanza kumuchukia, sasa nimepunguza.

Siku ya tatu, 8 Machi. Majivu

Kila mwaka mama mumoja wa shirika analeta majivu kwa wagonjwa ndani ya karatasi. Nilingojea mupaka saa kumi. Kisha nikatoa kwenye ukuta tawi langu la yenga ya Matawi ya mwaka jana, nikalichoma kwenye kijiko, nikajipaka mwenyewe. Nilisema yale maneno, kwamba wewe ni mavumbi. Kujiambia mwenyewe ni ngumu, sauti inakataa. Mimi si padri. Lakini paji langu liliwaka, na nikaketi nalo mupaka usiku bila mutu wa kuliona.

14 Machi

Mvula siku ine. Plasta inanuka.

Siku ya kwanza, 20 Machi

Leo niliamuka mapema, nikakaa nyuma ya mulango wa nyuma kumungojea Papa Polycarpe. Nilikuwa nimetengeneza maneno. Nilikuwa nitamuambia: majuma ine, papa, nimekunyamazia majuma ine, sasa niachilie nami niseme. Bidon iligusa chini. Nikafungua.

Alikuwa Colette.

Tuliangaliana kama wezi wawili. Yeye njo alisambaza maneno yote, tena hakukana. Alisema aliniona na macho yake, na anachoona anasema, baba yake alimulea hivyo. Nikauliza basi maji ni ya nini.

"Nilikukasirikia. Sikusema ukufe kiu."

Akachukua bidon tupu. Nilitaka kumuambia yote, hapo hapo, yalikuwa yamejaa mudomoni. Lakini kumuambia Colette ni kuiambia Bagira yote, na niliahidi mutu aliyepiga magoti ndani ya matope. Nikasema asante. Akasema mvula itarudi, nitoe nguo kwenye kamba.

Basi yule mupole mwenye miwani hajaleta hata kikombe. Na yule mwenye ulimi amebeba litre makumi mbili kupanda mulima, kila asubui ya pili, majuma haya yote. Nimekaa na hiyo siku yote. Mimi nimeandika watu kwa mashine myaka makumi tatu, majina na tarehe, nikafikiri nawajua.

Siku ya ine, 30 Machi

Sikupangusa viti.

Siku ya pili, 4 Aprili

Plasta imetoka. Muguu uliokuwa ndani si wangu, ni wa mutu mwembamba mwenye njaa. Muganga anasema mufupa umeshika lakini nisiukanyage bila fimbo, na kutembea mbali nisiwaze kabisa mbele ya miezi miwili. Nikamuuliza kutembea mbali ni wapi. Akasema sokoni.

Yenga, 9 Aprili

Colette ameingia na mulango wa mbele, bila kubisha, bila bidon. Akakaa kwenye kiti. Ni mutu wa kwanza kukaa kwenye viti vyangu toka Februari.

Zagabe amemuambia akaniambie, kwa sababu yeye mwenyewe ana haya. Mama hali chakula tena tangu siku ya tatu iliyopita. Hasemi sana. Akisema ni jina langu. Kule wanafikiri ni juma hili.

Nilisimama. Nikasema naenda. Colette akauliza na nini, na mimi nikaangalia muguu, kisha mulango. Na kesho, akasema polepole, kesho ni ville morte. Hakuna gari, hakuna kinga, hakuna mutu. Nilimuomba aende aseme kwenye sala ya magaribi, mbele ya shirika yote, kwamba mama yangu anakufa na natafuta mutu wa kunifikisha Nyangezi. Aseme tu. Yeye ni mutu wa kusema.

Alirudi saa moja. Alikuwa amesema, kwa sauti, na watu waliangalia chini. Nikauliza Papa Polycarpe alifanya nini.

"Alimaliza rozari."

Nimefunga sanduku hata hivyo. Kesho nitatoka na fimbo. Nitafika pale nitakapofika.

Nyangezi, siku ya pili, 11 Aprili

Jana saa mbili ya asubui, jua limeshatoka, madirisha yote yamefunguliwa nusu kama kawaida ya ville morte, watu wamekaa kwenye mabaraza yao hawana kazi. Nilikuwa nimefika kwenye mugomba wa Colette, hatua makumi tatu kutoka kwangu, na tayari jasho lilikuwa linaingia machoni. Nikasikia kengele.

Papa Polycarpe alikuwa anakuja katikati ya barabara, hajajificha, anasukuma kinga yake. Amevaa veste ya misa. Nyuma ya kinga alikuwa amefunga muto. Watu walisimama. Hakuna aliyekuwa ameona kinga inapita siku ya ville morte, halafu ya yule yule anayepita kuwakataza.

Colette alikuwa kwenye dirisha. Akamuuliza, bila kupandisha sauti, "Papa Polycarpe, leo?"

Akasimama. Alitoa miwani, akaishika mukononi.

"Siku ile ya Februari, Mama Jeanine hakuwa anaenda kazini. Alikuwa anajifunza kinga ili afike kwa mama yake. Miye njo nilikuwa namufundisha, na miye njo nilimuachilia akavunjika. Kisha nikamuweka kwenye mulango kama muzigo, nikamuomba anyamaze, na nikawaacha mumuseme majuma saba." Akavuta pumzi. "Mwenye anataka cherehani, iko ndani. Sikufunga na kufuli."

Hakuna aliyesogea. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya ukuta waliangalia miguu yao. Zagabe alikuwa kati ya watu, na kofia yake kifuani. Nilifikiri nitafurahi siku watakapojua. Sikufurahi. Nilikuwa na hasira tu, na haraka.

Alinipandisha nyuma, akafunga muguu wangu na pagne kwenye chuma ili usining'inie. Colette akatoka na viazi vitamu ndani ya majani, vya moto, akaniwekea kwenye mapaja. Ni mara ya kwanza namuona amekosa neno.

Tulipita muji nzima hivyo. Bukavu tupu, kutoka Bagira mupaka Panzi, milango yote imefungwa, na sisi wawili tunalia cwi cwi cwi na ule mununyororo. Kila pahali nilisikia macho. Kwenye barrière ya kutoka muji waaskari walicheka kutuona. Mukubwa wao akampiga Papa Polycarpe begani, akasema hawa njo raia wazuri, hawasikilizi wajinga wa ville morte, wapite bila kutoa kitu. Wakatupungia mikono. Uso wa Papa Polycarpe, sijui namna ya kuuandika. Matusi ya mutaa angeyabeba. Sifa za wale ziliingia kama mwiba, na alizimeza, akasema asante sana chef, akasukuma.

Kwenye mupando wa kwanza baada ya Panzi nilimuambia.

"Majuma saba, Papa Polycarpe."

"Najua."

"Nilipanga viti."

Alikuwa anasukuma, kichwa chini, shati limeshikana na mugongo. Akasema kila siku ya ine alitoka nyumbani akisema leo nitasimama, na kila siku ya ine miguu yake ilipita. Akasema mimi nilivunja moja, yeye alivunja zote mbili. Sijui kama nimemusamehe. Niliona tu kwamba kwenye mipando hakuniomba nishuke hata mara moja, na mipando ya kwenda Nyangezi mutu anaijua. Kwenye kilima cha tatu nilivunja kiazi nikamupitishia juu ya bega.

Tulifika saa kumi.

Mama alikuwa amelala kwenye mukeka karibu na moto, mudogo sana, kama nguo iliyooshwa ikapungua. Aligeuza kichwa kwa sauti ya gurudumu. Akauliza ni nani anayeleta kinga ndani ya nyumba ya watu. Nikatambaa mupaka kwake, nikaweka uso wangu ndani ya mikono yake, na akaushika wote, pua, masikio, paji. Hakusema jina langu. Alisema nimekonda. Kisha mikono ikashuka, ikakuta muguu.

"Hii ni nini?"

Nikamuambia. Nilianza na haya, kwa sauti ya chini, lakini yeye hakutaka ya chini. Alitaka yote. Suruali ya nani? Iliyofungwa na kamba? Na mukubwa wa shirika anakimbia nyuma? Nilipofika kwenye mufereji akaanza kucheka. Mutu ambaye hajala siku sita. Alicheka bila sauti, tumbo tu linaruka, na machozi yanatoka kwenye yale macho yasiyoona. Na miye nikacheka, kwa mara ya kwanza kwa kisa hiki, mupaka jirani wakaja kuangalia kama tayari ni kilio.

Papa Polycarpe alilala kwa mukatekista, na leo mapema amerudi Bukavu. Sijui anakuta nini kwenye mutaa, sijui kama cherehani ingali yake. Alisimama kwenye mulango akitaka niseme kitu. Nilisema avae kofia, kuna jua.

Siku ya ine, 13 Aprili

Amekunywa uji vijiko vitatu. Kila anayeingia kumuona, mama ananiamuru nimuhadizie kisa cha kinga. Nimekisimulia mara tano leo: wajomba, mukatekista, mwanamuke anayeuza ndizi. Kile kisa nilichokificha mutaa nzima majuma saba, sasa Nyangezi yote inakijua, mupaka na suruali. Akifikiri nimeruka kitu ananifinya kidole.

Siku ya posho, 15 Aprili

Asubui hii hakuna mugeni aliyekuwa ameingia, mvula ilikuwa kubwa. Mama aliniomba kisa kwa ajili yake peke yake. Nilianza mbali, na ukungu, na namna kuku walivyokuwa kimya. Nikamuambia Papa Polycarpe ameshika kiti anakimbia, na mimi naangalia mbele kama alivyosema. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Nikamuambia mara ya kwanza nimeanguka, mara ya pili nimeanguka, mara ya tatu nakwenda. Nikangoja anifinye kidole, maana nilisahau upepo, na upepo anaupenda.

Hakunifinya.

Nilijua. Lakini sikuita watu mara moja. Nilirudi nyuma nikatia upepo pahali pake. Kisha nikaendelea, kwa sauti, polepole, mutelemko, mufereji, yote, mupaka nilipofika mwisho.